Mnara wa simu, eksirei na jua la mchana: mionzi ipi ya kuogopa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Umejengwa mnara wa simu kama mita 60 kutoka nyumbani na mtaa mzima umeingiwa na hofu; majirani wanasema ile ni mionzi, itatuletea saratani. Mume wangu sasa anazima Wi-Fi kila usiku na hataki nitumie maikrowevu. Lakini mwezi uliopita mwanangu mkubwa alipigwa eksirei ya kifua, hospitali wakasema haina neno. Mdogo wa mwisho ana ualbino, na kliniki wananisisitizia nimkinge na mionzi ya jua. Nimechanganyikiwa. Kama yote ni mionzi, kwa nini mmoja tunaukimbia, mwingine tunaulipia, na mwingine uko juu yetu kila siku? Naomba unilinganishie.

Jibu: Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuuliza badala ya kubaki na maneno ya mtaani. Nikujibu kwanza moja kwa moja ili usisome ukiwa na wasiwasi. Katika vyote ulivyovitaja, cha kukunyima usingizi ni jua la mchana kwa huyo mtoto wako wa mwisho. Eksirei ni ya kuheshimiwa: itumike panapohitajika, na daktari awe na sababu. Mnara, Wi-Fi na maikrowevu haviko kwenye kundi la mionzi inayoharibu vinasaba. Sasa nieleze sababu, maana ukishaielewa utaweza kupima mwenyewe kila kifaa kipya kitakacholetwa mtaani kwenu.

Vyote hivyo ni ndugu wa ukoo mmoja. Mawimbi ya redio, ya simu, joto la jiko unalolihisi usoni ukiwa umekaa pembeni, mwanga tunaouona, urujuanimno wa jua, eksirei na gama: kwa asili ni kitu kimoja, mtikisiko wa umeme na sumaku unaosafiri angani kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Wanafizikia huyaita mawimbi ya sumakuumeme. Mskoti James Clerk Maxwell alichapisha nadharia yake mwaka 1865, na Mjerumani Heinrich Hertz akayazalisha maabara kati ya mwaka 1887 na 1888. Ndiyo maana masafa yake, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, hupimwa kwa hezi.

Kinachoyatofautisha ni urefu wa wimbi. Wimbi la redio ya FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3. La simu kwenye megahezi 900 ni kama sentimita 33. La Wi-Fi ya kawaida ni sentimita 12 na nusu. Joto linalotoka mwilini mwako hivi sasa husafiri kwa mawimbi yenye urefu wa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Hayo ndiyo huitwa infraredi. Mwanga unaoonekana uko kati ya nanomita 700, ambao ni mwekundu, na nanomita 400, ambao ni wa urujuani, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ukishuka chini ya 400 umeingia kwenye urujuanimno, ile tunayoizoea kwa jina la UV. Eksirei za hospitali ni sehemu ndogo sana ya nanomita moja, na gama kwa kawaida ni fupi zaidi ya hapo.

Hatari inaanzia kwenye jambo ambalo Albert Einstein alilieleza mwaka 1905. Mawimbi haya yakigusa kitu, hayakabidhi nishati yake kidogo kidogo bila mpaka; huikabidhi kwa vipande vizima, na kila kipande huitwa fotoni. Wimbi likiwa refu, fotoni yake ni dhaifu. Likiwa fupi, fotoni yake ina nguvu. Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba hata mwanao wa sekondari ataiweza: chukua 1,240, gawanya kwa urefu wa wimbi kwa nanomita, utapata nishati ya fotoni moja kwa kipimo kiitwacho elektroni-volti.

Tujaribu na Wi-Fi ya mume wako. Sentimita 12.5 ni nanomita 125,000,000. Ukigawanya 1,240 kwa hapo unapata kama 0.00001, yaani sehemu moja ya laki moja ya elektroni-volti. Mwanga mwekundu wa taa ya nyuma ya bodaboda unatoa 1.8. Mwanga wa urujuani, 3.1. Urujuanimno wa jua wenye nanomita 300, karibu 4.1. Fotoni za mashine ya eksirei ya kifua hubeba makumi ya maelfu ya elektroni-volti, na zile za gama zitokazo kwenye kobalti-60, inayotumika kutibu saratani, zina milioni 1.17 na milioni 1.33. Kwa hiyo ukiweka fotoni moja ya Wi-Fi kando ya fotoni moja ya eksirei yenye elektroni-volti 50,000, ya eksirei imeizidi mara bilioni 5. Neno mionzi limezifunika zote mbili, lakini kati yake kuna pengo la ajabu.

Ili mionzi ilete saratani lazima iharibu vinasaba, ile DNA iliyo ndani ya kila seli. Vifungo vinavyoshikilia molekuli za mwili vinahitaji elektroni-volti 3 hadi 5 hivi ili vivunjike. Kung'oa kabisa elektroni, ile chembe ndogo ya umeme iliyomo kwenye kila atomu, kutoka kwenye molekuli ya maji, na mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji, kunahitaji karibu 12.6. Mionzi inayoweza kung'oa elektroni namna hiyo huitwa mionzi ayonisha. Isiyoweza huitwa mionzi isiyoayonisha. Mpaka kati ya makundi haya mawili unapita ndani ya eneo la urujuanimno. Vyote vilivyo chini yake, kuanzia redio, simu, Wi-Fi, maikrowevu, infraredi hadi mwanga wa taa, haviwezi kung'oa elektroni hata moja.

Hapa ndipo watu huniuliza: je, fotoni dhaifu zikiwa nyingi mno? Zisipofika kiwango, wingi hausaidii. Waangalie watoto wanaoangua maembe: wakirusha maganda ya karanga mia tano, embe liko palepale, jiwe moja la kutosha likilipata, linadondoka. Seli haikusanyi fotoni dhaifu leo na kesho ili siku moja zije kuvunja kifungo. Hili limejaribiwa maabara tangu mwanzoni mwa karne iliyopita: mwanga mwekundu, hata uwe mkali kiasi gani, hautoi elektroni kwenye bamba la zinki, urujuanimno hafifu unazitoa papo hapo.

Wingi wa fotoni dhaifu unaleta kitu kingine, nacho ni joto. Hapa lazima niwe mkweli kwako, kwa sababu wapo wanaosema mionzi ya simu haifanyi lolote kabisa. Inapasha joto. Maikrowevu yako inaivisha wali kwa njia hiyo: mawimbi ya sentimita 12 hivi yanazitikisa molekuli za maji zilizomo kwenye chakula, msuguano unaleta moto. Viwango vya usalama vya simu na minara vimewekwa kwa kuzingatia joto hilo. Kwa hiyo kwa kila aina ya mionzi kuna maswali mawili ya kuuliza: fotoni moja ina nguvu ya kuvunja? Na kama haina, je, jumla yake ni nyingi kiasi cha kuunguza?

Tuupeleke mnara wenu kwenye swali la pili. Chukua antena yenye nguvu inayolingana na wati 1,000 upande unaotazama nyumba yenu. Kufikia mita 60 nguvu hiyo imetawanyika hadi kubaki karibu wati 0.02 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha kimataifa kwa wananchi kwenye megahezi 900, kilichowekwa na tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha, ICNIRP, ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Mko chini ya kikomo zaidi ya mara 200. Na jua la adhuhuri linalopiga paa lenu linamwaga karibu wati 1,000 kwa mita hiyo hiyo ya mraba. Tena hesabu yangu imewabana, kwa sababu antena za mnara hutupa mawimbi yake kwa mbali, karibu sambamba na ardhi, na aliye jirani chini yake hupata kidogo kuliko hesabu hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wanaoandamana kupinga minara hawaambiwi. Simu yenyewe inatuma mawimbi, nayo inakaa sikioni, si mita 60. Mtandao ukiwa dhaifu, simu inapandisha nguvu ili isikike mnarani. Kwenye mtandao wa 2G hufikia mipigo ya wati 2. Mnara ukiwa karibu inashusha nguvu mara nyingi sana. Kwa hiyo mnara uliojengwa jirani unapunguza mawimbi yanayoingia kichwani mwa anayeongea na simu. Anayetaka kupunguza zaidi atumie spika au waya wa masikioni, na aepuke maongezi marefu mahali penye mtandao wa kusuasua.

Majirani wako huenda wamesikia kwamba shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B mwaka 2011, yaani "huenda yanasababisha saratani". Ni kweli, liliyaweka. Kundi hilo ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mdogo na haujafunga shauri, na shubiri iliyosagwa jani zima imo humo humo. Jua liko kundi la 1, pamoja na eksirei na gama, kundi la vitu vilivyothibitika. Na mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyochapishwa mwaka 2024, hayakuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. 5G haibadilishi hesabu hii. Hata ile ya masafa ya juu ya gigahezi 26, fotoni yake bado ni dhaifu kuliko ya mwanga mwekundu kwa zaidi ya mara 10,000.

Maikrowevu nayo tuimalize. Ukiangalia kioo cha mlango utaona wavu wa chuma wenye matundu madogo. Mwanga, ambao wimbi lake ni fupi, unapita, ndiyo maana unaona sahani ikizunguka. Wimbi la sentimita 12 halipiti kwenye tundu la milimita moja. Mlango ukifunguliwa, mashine inazima na mawimbi yanakoma wakati huo huo. Chakula hakibaki na mionzi yoyote. Kama mlango umepinda au haufungi sawasawa, hapo usiitumie mpaka fundi aione, kwa sababu mawimbi yanayovuja yanaweza kuunguza, hasa jicho, ambalo halina damu ya kutosha kuondoa joto.

Infraredi haina haja ya maneno mengi. Wakati wa korona watu wengi walikataa kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso, wakitoa mkono, wakiogopa "mionzi ya ubongo". Kipimajoto kile hakitumi joto, kinapokea infraredi ambayo wewe mwenyewe unaitoa saa zote. Ukitaka kuiona infraredi kwa macho yako, washa kamera ya mbele ya simu, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera hiyo na ubonyeze kitufe. Kwenye skrini utaona kitaa kikimweka rangi ya zambarau au nyeupe, ilhali kwa macho matupu hakuna kitu. Wafanyie watoto jaribio hilo. Linafundisha haraka kwamba kuna mwanga tusiouona.

Na mwanga tusiouona ndio unaonifikisha kwenye kilichonifanya nikuandikie kwa kirefu.

Urujuanimno una fotoni za kuvunja vifungo. DNA inaunyonya vizuri kabisa kwenye nanomita 260 hivi, na sehemu inayotufikia, UVB ya nanomita 280 hadi 315, inatosha kuunganisha herufi mbili jirani za DNA mahali pasipotakiwa. Seli hurekebisha makosa hayo usiku na mchana. Yakizidi, mengine yanabaki, na miaka ikipita yanakuwa saratani ya ngozi. UVA, ya nanomita 315 hadi 400, ni dhaifu kidogo lakini inazama ndani zaidi ya ngozi na sehemu yake kubwa inapita kwenye kioo cha dirisha, jambo ambalo UVB haiwezi. Ile kali zaidi, UVC, inaishia kwenye ozoni huko juu na haifiki ardhini.

UVC hiyo hiyo inazalishwa mitaani kwetu kila siku, kwenye cheche ya kuchomelea vyuma. Fundi anayechomelea mageti kwa miwani ya jua, au mtoto aliyesimama kando akishangaa ule mwanga, hasikii kitu wakati huo. Usiku wa manane ndipo macho yanapoanza kuwasha kana kwamba yamemwagiwa mchanga, machozi yanatiririka na mwanga wa taa hautazamiki. Ni kuungua kwa ngozi ya juu ya jicho. Huwa kunapona kwa siku moja au mbili, lakini kunaporudiwa mara kwa mara jicho linalipia. Waambie wanao wasisimame pale hata kwa dakika moja, na fundi avae ngao ya kuchomelea yenye kioo chake maalum.

Jua la Tanga ni kali kwa sababu za kijiografia. Mji uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linakuwa utosini kabisa, na miezi mingine haliko mbali na hapo. Fahirisi ya UV ya Shirika la Afya Duniani huanzia sifuri, na kuanzia 11 kwenda juu hutajwa kuwa ya kupindukia. Ukanda wetu wa ikweta hufika huko mara kwa mara. Kinachowadanganya watu ni kwamba UV haina joto unalolihisi. Joto la jua linatoka kwenye infraredi na mwanga. Ukiwa ufukweni na upepo wa bahari unakupuliza, unaona raha, huku UV ikiendelea na kazi yake. Mawingu mepesi hupitisha hadi asilimia 80 ya UV. Na ukipanda Lushoto ambako kuna baridi, UV inaongezeka badala ya kupungua, kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko.

Wewe na mimi tumelindwa kwa kiasi kikubwa na melanini, rangi ya ngozi inayonyonya UV kabla haijafika kwenye DNA. Haitulindi kabisa: wavuvi wengi wa pwani hupata kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kuelekea mboni, na jua linalorudishwa na maji ni sababu mojawapo. Lakini mtoto mwenye ualbino hana melanini ya kutosha, au hana kabisa. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa kuliko nchi nyingi duniani, na wengi wao wameuawa na saratani ya ngozi ambayo ingezuilika. Nasema hili kwa uchungu, mama. Watu wanakusanyika kupinga mnara wakati mtoto mwenye ualbino anapita mbele yao kichwa wazi saa saba mchana, na hakuna anayepaza sauti.

Kwa hiyo tuseme kinachofanyika. Kofia iwe ya ukingo mpana kuzunguka pande zote. Kapelo haitoshi, kwa sababu inaacha nje ncha za masikio na kisogo, na vidonda vya kwanza mara nyingi huanzia hapo na kwenye mdomo wa chini. Nguo ziwe za mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Inyanyue nguo kuelekea dirishani, ukiona mwanga unapenya kwa wingi, UV nayo inapenya. Fulana nyeupe ikilowa inapitisha zaidi kuliko ikiwa kavu. Mafuta ya kuzuia jua yapakwe robo saa hivi kabla ya kutoka na yarudiwe kila baada ya saa mbili, na yasisahauliwe masikioni na nyuma ya mikono. Hapa nchini kuna Kilisun, yaliyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ualbino kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC mjini Moshi. Waulize kliniki yenu utaratibu wa kuyapata. Miwani iwe yenye kinga ya UV, si nyeusi tu, kwa sababu kioo cheusi kisicho na kinga hufanya mboni ipanuke na kuruhusu UV zaidi kuingia.

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni awe kivulini kadiri inavyowezekana. Mtoto asiye na saa atumie kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua ni kali, aingie ndani. Hilo zungumza na mwalimu wa darasa uso kwa uso. Mwambie kuhusu mistari ya asubuhi inayochelewa, bustani ya shule, michezo ya mchana, na adhabu za kusimamishwa juani, ambazo kwa mtoto huyu ni kumjeruhi. Na wewe nyumbani, mkague ngozi kila mwezi penye mwanga mzuri. Kipande kikavu chenye magamba kisichoondoka, au kidonda kisichopona ndani ya wiki chache, kipelekwe kliniki mapema kikiwa bado kinaweza kuondolewa kwa dakika chache.

Sasa eksirei ya kaka yake. Wilhelm Röntgen aliigundua Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amepiga picha ya mifupa ya mkono wa mkewe. Dunia ilishangilia, na kwa miaka ya mwanzo haikuogopa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akijipima mikono yake mwenyewe kwenye mashine siku baada ya siku. Alikatwa mikono na akafariki mwaka 1904. Tangu wakati huo tumejifunza kwamba fotoni za eksirei zinavunja, na kwamba madhara yanategemea kiasi ulichopokea.

Kiasi hicho tunakipima kwa milisiveti. Kila mtu duniani, hata asiyewahi kuona hospitali, hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, mawe ya nyumba, anga na hata chakula. Eksirei moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 au pungufu, sawa na unachopata kwa wiki mbili za kuishi tu. Kwa kumtafutia mtoto kifua kikuu au nimonia, hiyo ni biashara nzuri. CT scan ya tumbo, ambayo nayo hutumia eksirei, ni habari nyingine, kama milisiveti 8, zaidi ya miaka mitatu ya mionzi ya asili, kwa hiyo isipigwe kwa kubahatisha. Tunza picha za zamani na uende nazo kila hospitali ili mtoto asirudiwe kipimo kilekile bila sababu. Mwenye mimba au anayehisi anayo aseme kabla ya kuingia chumbani. Mashine ikizimwa, eksirei zimekwisha. Haibaki mwilini hata chembe. Ultrasound ni sauti, haimo kwenye ukoo huu kabisa, na MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, kwenye mashine nyingi karibu megahezi 64, chini kidogo ya masafa ya redio zetu za FM.

Gama ndiyo ya mwisho. Inatoka kwenye kiini cha atomu na haina swichi: chanzo chake kinaendelea kutoa usiku na mchana. Ikielekezwa kwa ustadi inatibu, kama wanavyofanya kwenye hospitali za Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, kwa kuupiga uvimbe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huku wakikinga sehemu nyingine za mwili. Ikiachwa ovyo inaua. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, wakusanya vyuma chakavu walivunja kichwa cha mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki iliyohama. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliugawana kama kitu cha thamani, watoto wakajipaka. Wanne walikufa na 249 wakakutwa wamechafuliwa. Naileta habari hii kwa sababu vyuma chakavu vinauzwa kila kona kwetu. Ukiona kichuma kizito isivyo kawaida, chenye alama ya mapanga matatu yanayozunguka duara, kisiguswe wala kuvunjwa. Watu wasogee mbali na polisi waarifiwe, nao wawaite Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Chembe za alfa na beta, ambazo nazo huitwa mionzi, si mawimbi bali ni vipande vya atomu, kwa hiyo nimeziacha nje ya ulinganisho huu.

Kwa nyumbani kwako basi: mume wako aache Wi-Fi iwake, na wewe upashe chakula bila hofu kama mlango wa maikrowevu ni mzima. Kama majirani bado wana shaka na mnara, wasibishane na vipeperushi vya WhatsApp. Pitieni ofisi ya serikali ya mtaa, muandike barua kwa Tume ya Nguvu za Atomiki, muombe waje wapime mionzi isiyoayonisha kwenye nyumba zinazouzunguka. Vifaa wanavyo, ni kazi yao kisheria. Siku hiyo wakija, mwombe mwenyekiti awaite na walimu wa shule ya mtoto wako wa mwisho, wapate kuwauliza wataalamu hao habari za jua.